Shati Safi la Ijumaa

Dobi alikuwa na sheria moja tu maishani, na aliishika kuliko wengine wanavyoshika ndoa zao: kilichomo mfukoni mwa mteja hakisomwi. Kinatolewa kabla nguo haijalowekwa, kinatiwa kwenye kopo la maziwa pale dirishani, na mwenyewe akija anarudishiwa pamoja na nguo zake na tabasamu. Kwa miaka kumi na moja mikono yake ilishika barua za mapenzi ambazo mke wa nyumbani hakuandikiwa, vyeti vya daktari, hata jino lililofungwa kwenye karatasi kama pipi. Hakusoma, hakuuliza. Ndiyo maana mtaa mzima ulimletea nguo yeye, ukampita yule dobi wa kona ya pili anayezijua siri za watu kabla wenyewe hawajazitenda.

Basi Ijumaa hiyo, kwa mara ya kwanza, aliloweka shati bila kupekua mfuko.

Msimcheke. Lilikuwa shati la bluu, na wazee wa mwenye shati walikuwa wanakuja keshokutwa, Jumapili, kusikia jibu la posa. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, aliyekwisha kuzoea kulala katikati ya kitanda, akiletewa posa akili yake hutoka kwenda matembezini. Hurudi, lakini kwa wakati wake.

Mwenye shati alikuwa fundi mizani. Alizunguka madukani na sokoni na mkoba wa ngozi uliojaa mawe ya chuma, akizipima mizani za watu kama zinasema kweli, na kwa kazi hiyo mtaa ukambandika jina la Ratili. Alikuwa mtu wa vipimo kweli. Ukimuuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza. Mwaka na nusu sasa, kila Ijumaa, alileta shati moja, hilo hilo la bluu, na jioni akalichukua.

Dobi hadanganywi na kola. Alijua siku nyingi kwamba shati lile huletwa likiwa safi. Tena si safi tu. Kila shati alilomaliza kulipiga pasi, Dobi hufunga kifungo cha juu kwa uzi mweupe, kwa fundo lake mwenyewe, mikunjo isije ikafunguka njiani. Asiyekata uzi ule havai. Na shati la Ratili, miezi na miezi, lilikuwa linarudi na fundo lile lile. Dobi alikuwa akiukata uzi, akalifua shati lisilohitaji kufuliwa, akafunga fundo jipya, akicheka peke yake kama aliyelipwa. Mwanamume anayeleta shati safi likafuliwe, alijisemea, huyo shida yake si nguo.

Siku hiyo hata uzi hakuukata. Alilitumbukiza shati kwenye beseni akiwa anapanga moyoni atavaa nini Jumapili, na mkono wake ndio uliogusa kitu kigumu ndani ya maji.

Kilikuwa kidaftari chenye jalada jeusi. Alikifahamu. Majuma matatu mfululizo alikitoa mfukoni humo humo, akakitia koponi, akamrudishia mwenyewe. Leo kilikuwa kinachuruzika. Akakikimbiza kwenye kamba, akakibana kwa vibanio viwili, kati ya soksi ya mwalimu na ile foronya iliyopinduliwa ndani nje ambayo Dobi huianika kabla ya nguo zote, kila siku iendayo kwa Mungu, ili kuzuia mvua.

Akageuka arudi kwenye beseni. Upepo ukavuma, ukafunua ukurasa. Na jicho, ndugu zangu, halina kifuniko cha kopo. Aliona neno moja lililoandikwa kwa penseli: Dobi.

Nani angeondoka?

"Mbinu ya Shati," kidaftari kilisema, kwa herufi nadhifu za mtu anayepima. "Shati la bluu likifuliwa na Dobi Ijumaa, likavaliwa Jumamosi: mkeka umekubali."

Mkeka. Dobi aliujua mkeka huo. Si wa kulalia. Ni ile karatasi ya kubeti ambayo wanaume huiinamia kwenye kibanda cha karibu na kituo, wakibashiri nani atamfunga nani. Ukishinda umekubali, ukishindwa umechanika.

"Jumamosi ya pili: umekubali. Alinikabidhi kwa mkono wa kulia. Iwe kulia daima."

"Ya tatu: umechanika. Wanga ulizidi kwenye kola. Mwambie apunguze."

"Ya nne: umechanika. Hakucheka. Mchekeshe kabla ya kuchukua shati."

Hapo Dobi alikaa chini, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliikumbuka Ijumaa iliyofuata. Ratili, ambaye maneno yake huhesabika kwa vidole, alisimama mlangoni akamsimulia habari za muuza nyama aliyekuwa akipima nyama pamoja na kidole gumba chake, mpaka mteja mmoja akadai apewe na kidole, amekwisha kukilipia. Dobi alicheka hadi akashika ukuta. Kicheko kile alikwenda nacho kitandani. Alikitunza mwaka mzima kama mtu anavyotunza sabuni ya manukato asiyotaka kuitumia ikaisha. Kumbe kilikuwa mbinu.

"Unasoma nini umekunja uso kama leso?"

Alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Alikuja kila alasiri, kazi yake kuoanisha soksi na kutenganisha watu. Leo alivaa gauni lake la zambarau, lile analolipenda.

"Sisomi kitu."

"Basi hicho kitu kinakusoma wewe. Miwani sina, nisomee."

Dobi hakutaka, lakini sauti ya kukataa ilitoka na machozi ndani yake, na Shangazi hakuhitaji miwani kuyaona. Akaambiwa yote: shati, mkono wa kulia, wanga, kicheko.

Shangazi aliketi taratibu, kama hakimu.

"Nilikuambia. Mwaka jana nilimwona kwa macho yangu pale kibandani, amevaa shati hilo hilo la bluu, anaandika. Ukasema labda anarekebisha mizani. Mizani gani kwenye kibanda cha kubeti, mwanangu, wanapima nini mle? Pumzi?"

"Shangazi, tafadhali."

"Baba yako naye alikuwa na mbinu. Karata zikigawiwa, anavua kiatu cha kushoto. Akishinda, ni kiatu. Akishindwa, basi alichelewa kukivua. Ndugu yangu yule hakuwahi kushindwa hata siku moja, mwulize mwenyewe huko aliko. Mabati ndiyo yaliyoshindwa. Yaliondoka juu ya kichwa chetu moja moja, mpaka tukawa tunalala tunahesabu nyota. Ulikuwa mdogo, ukadhani tumekuwekea mapambo."

Dobi alicheka kidogo, kicheko chenye chumvi.

"Jumapili wakija," Shangazi alisema, "nitawakaribisha vizuri, nitawapa viti, na nitawaambia hapana. Sitakuoza kwa kiatu cha kushoto cha pili."

Mlango wa uani ukalia.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Shangazi, marahaba ile wanayopewa watoza kodi.

Ratili aliingia na mkoba wake, amevaa shati jeupe la kazi, ndevu zimechongwa kwa ajili ya Jumapili. Macho yake yalimtafuta Dobi kwanza, kama kawaida, yakatulia pale, kama kawaida. Kisha yakapanda hadi kwenye kamba. Akakiona kidaftari. Na badala ya kuanguka, uso wake ukachangamka.

"Kimelowa?"

"Kimelowa," alisema Dobi.

"Si neno. Nimeandika kwa penseli."

"Unatabasamu."

"Kwa nini nisitaba..." Alisita, akapanga maneno upya. "Si ulikwisha kukisoma? Yamekwisha."

"Nimekisoma leo. Tena si kwa hiari yangu, upepo umenisomea."

Tabasamu lilibaki mdomoni mwa Ratili peke yake, kama mgeni aliyeachwa sebuleni.

"Leo? Mara tatu nimekuwekea mfukoni, ya leo ni mazoea tu. Mara tatu umenirudishia mkononi, ukanitazama, ukacheka. Nikasema, mwanamke huyu kasoma yote, kayameza, kasamehe, na hataki hata kuniaibisha kwa kuyataja. Ile mara ya tatu nilitoka hapa moja kwa moja hadi kwa mjomba. Nikamwambia nipelekee posa, sitapata mwingine wa namna hii."

"Dobi hasomi vya mfukoni."

"Sikujua."

"Mtaa mzima unajua."

"Mifuko yangu haikuwahi kuwa na kitu kabla ya hicho."

Shangazi alikohoa. Kilikuwa kicheko, lakini alikipa jina jingine.

Ratili aliweka mkoba chini. "Basi nimekaa wiki tatu nashukuru msamaha ambao sikupewa."

"Na mdomo ulikuwa wapi, ukaniandikia daftari?"

"Mdomo wangu unaujua."

"Naujua. Unajua kuchekesha kabla ya kuchukua shati."

Aliinamisha kichwa. Dobi alisimama, mikono bado ina povu, na swali alilokuwa nalo tangu upepo uvume likatoka.

"Nilikuwa nini kwako, Ratili? Mtu, au hirizi?"

Mwanamume mwingine angeruka hapo hapo na jibu tamu. Huyu alilipima swali, akageuza upande huu, akageuza upande ule, na Dobi akaona uchungu wa kupenda mtu ambaye hawezi kudanganya hata pale unapotamani adanganye.

"Mwanzo," alisema, "ulikuwa hirizi."

Soksi ilianguka mkononi mwa Shangazi.

"Mizani ikinidanganya mara mbili," Ratili aliendelea, polepole, "naifungua, natoa springi, natazama kosa liko wapi. Mbinu hii ilinidanganya miezi, na kila mara mimi nikaipaka mafuta. Mkeka ukikubali, nasema ni akili zangu. Ukichanika, nasema wanga. Nasema mkono. Nasema hakucheka vya kutosha. Hata siku moja sikusema ni mpira tu, watu ishirini na wawili wasionijua wanakimbizana huko mbali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani kanifulia shati."

"Umeeleza vizuri," alisema Dobi. "Baba yangu naye alieleza vizuri. Alieleza vizuri hadi bati la mwisho."

"Dobi."

"Chukua daftari lako. Wazee Jumapili wasijisumbue."

Hakulichukua. Aliokota mkoba, mawe yakagongana ndani.

"Soma ukurasa wa mwisho. Huo ndio niliotaka uusome."

"Nimekwambia, sisomi vya mfukoni."

"Hakipo mfukoni. Kipo kwenye kamba." Akamgeukia Shangazi. "Kwaheri, mama. Ahsante kwa kunivumilia." Akatoka, na mlango wa uani ukalia tena. Shati lake hakulidai.

Kilichobaki uani kilikuwa harufu ya sabuni.

"Umeponyoka," alisema Shangazi. "Shukuru Mungu, mwanangu. Kuna wanaoponyoka wakiwa na watoto watano."

Mwenye kazi yake akiumia moyo hurudi kwenye kazi, maana mikono haina pa kwenda kulia. Dobi alichutama kwenye beseni, akalitoa shati la bluu, akaanza kulikamua kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu, kama vile mwenye shati yumo ndani. Alipofika kwenye kola, kidole gumba kikakwama. Kwenye uzi.

Akautazama. Uzi mweupe, fundo lake mwenyewe, lile la Ijumaa iliyopita, halijaguswa.

"Shangazi. Mtu anaweza kulivaa shati hili bila kukata uzi huu?"

"Labda aingilie kwenye mkono kama nyoka."

"Basi halijavaliwa."

"Na hilo unaliona leo?"

"Naliona kila Ijumaa. Nilidhani..." Alidhani ni salamu. Kila wiki aliichukua kama salamu, akafurahi nayo, hakujua kwamba ilikuwa inasema na jambo la pili. Mbinu ilitaka shati livaliwe Jumamosi. Shati lisilovaliwa halina mkeka. Akaanza kurudi nyuma: wiki jana fundo zima. Mwezi jana zima. Wakati wa baridi zima. Zile Ijumaa za mwanzo, uzi ulikuwa unakuja umekatwa, hilo alilikumbuka sasa. Uliacha kukatwa lini?

"Tangu nilipougua," alisema.

Mwaka uliopita homa ilimlaza siku tisa. Hakumbuki mengi, ila kwamba alipoweza kusimama alitoka uani akishika ukuta, akilia kwa hofu, maana dobi asiye na maji ni sawa na duka lisilo na mlango, na bomba lao lilikuwa limekauka mtaa mzima. Akakuta mapipa yake matatu yamejaa pomoni. Wiki nzima yalikuwa yamejaa. Wateja hawakumkimbia, na mkate haukukatika.

Aliinuka, akafuta mikono kwenye gauni, akaenda kwenye kamba. Akafunua kurasa zilizogandana, mbinu baada ya mbinu, mpaka alipokuta maandishi yameisha. Baada ya hapo karatasi zilikuwa nyeupe tupu kama shuka mpya.

Ukurasa wa mwisho aliusoma kwa sauti bila kukusudia.

"Jumamosi. Dobi ana homa siku ya nne, hanitambui. Sikubeti. Sijui nani kafunga nani. Nimejaza mapipa yake alfajiri, asije akaamka akakuta hakuna maji. Nilipoondoka ndipo nikakumbuka kwamba shati sikuvaa. Akipona sitaki ushindi mwingine."

Kisha akageuka, akamtazama Shangazi, na Shangazi alikuwa ameinama anatafuta soksi ambayo haikupotea.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Yale mapipa niliyokushukuru."

"Mapipa gani tena?"

"Nilikushukuru mbele za watu. Nikakushonea gauni. Hilo ulilovaa."

Shangazi alilitazama gauni la zambarau kama ndiyo kwanza wanakutana. "Nilitaka kulikataa," alisema. "Ila rangi ilinishika."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Siku sita, kabla ya jogoo. Anaingia na ndoo mbili, ananyata kama mwizi, ila huyu mwizi alikuwa analeta." Alikunja soksi, akaikunjua. Utani ulikuwa umemwisha, na usoni kikabaki kile kilichokuwa chini yake siku zote. "Nilikuwa nimekwisha kumwona kibandani. Nikasema nikimnyima mtoto wangu huyu shukrani ile, hatampenda yule. Asipompenda, hatalala akihesabu nyota. Nilidhani naweza kuyazuia."

"Kuzuia nini?"

"Yatakayokupata, mwanangu. Ningeyazuia na nini kingine? Nina soksi tu."

Dobi alitaka kukasirika, na kidogo alikasirika. Lakini aliyemnyima shukrani ya mapipa ndiye yule yule aliyemfunika kwa mwili wake siku mvua zilipoingia pale palipokuwa na bati. Shukrani nyingine zina deni refu kuliko kosa. Akaketi karibu naye.

"Mtu hazuii, Shangazi."

"Anayesema ni nani? Hiyo foronya juu ya kamba ni ya nini, basi? Miaka kumi na moja unaipindua ndani nje ili uizuie mvua. Imezuia?"

"Mara nyingi tu."

"Na siku zilizonyesha?"

"Nilikuwa nimeibana vibaya."

Akalisikia neno lake mwenyewe. Shangazi naye akalisikia. Wakatazamana. Wanga ulizidi. Alichelewa kuvua kiatu. Nilikuwa nimeibana vibaya. Dobi alifungua mdomo aseme kitu, na tone kubwa likatua katikati ya foronya.

La pili likatua puani kwa Shangazi.

"Mashuka," alisema Dobi.

Kulikuwa na mashuka arobaini ya nyumba ya wageni kwenye kamba nne, yamekauka, yanangoja pasi tu. Mvua haikupiga hodi, ilikuja yote kwa pamoja. Dobi alikimbilia kamba ya kwanza, Shangazi akakusanya soksi zake kana kwamba ndizo zenye roho, na mlango wa uani ukafunguka bila kulia, jinsi ulivyosukumwa kwa nguvu.

Ratili hakuwa amekwenda mbali. Alikuwa ameketi kwenye baraza la duka la mbele, akirekebisha mizani isiyo na ubovu wowote, na mwenye duka amemwachia kwa huruma. Hakusema kitu. Alipita chini ya kamba ya mwisho, akayazoa mashuka kwa mikono miwili hadi kichwa kikafichika, akarudi mbio, na pale penye maji ya sabuni, ambapo kila mteja huonywa apite pembeni, akateleza.

Alianguka kwa makalio kwenye tope, kwa uzito wa kilo zake zote, na mashuka ameyainua juu ya kichwa kama mtu anayeokoa watoto. Halikuchafuka hata moja.

"Chukua," alisema kutoka chini.

Walipokuwa wote watatu chini ya paa, mvua inapiga mabati na hakuna anayeweza kunong'ona, Dobi alikishika kidaftari kifuani.

"Nimesoma."

Ratili akapangusa tope shingoni.

"Unabeti bado?"

"Tangu ukurasa ule, hapana."

"Na kesho?"

Alipima. "Jumamosi saa tisa mkono unawasha. Mwaka mzima umewasha. Sitakuahidi kwamba utaacha."

"Huahidi?" Shangazi aliuliza, kwa ukali usio na meno.

"Nikiahidi, mama, nitakuwa nimeanza mbinu nyingine. Najua nilivyofanya Jumamosi zilizopita tu. Ya kesho nitaifanya kesho."

Shangazi alimtazama. Ndugu yake, katika maisha yake yote, hakuwahi kusema hajui ya kesho.

"Jumamosi saa tisa," alisema Dobi, "mimi nakamua mashuka. Shuka lililolowa linataka watu wawili, mmoja huku, mmoja kule. Miaka kumi na moja nakamulia kwenye msumari wa ukutani."

"Nije?"

"Msumari hauongei. Hamtatofautiana sana."

Ratili alicheka, na kwa mtu aliyekuwa anavuja tope masikioni alionekana kama aliyelipwa.

"Na ahsante," Dobi alisema. Neno lilikuwa dogo, akalirudia. "Ahsante kwa maji. Nimechelewa mwaka, na nilimpa mtu mwingine, lakini yalikuwa yako. Niliamka nikidhani nimekwisha, nikakuta mapipa yamejaa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama maji yale."

Ratili alianza kuhesabu kwa vidole. "Yalikuwa..." Akatafuta. "Ndoo moja ni kilo ishirini, ukitoa ndoo yenyewe..."

Dobi alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta, kama siku ile ya kidole cha muuza nyama, na machozi yakatoka yale mazuri. Ratili alimtazama tu, mikono imening'inia, na safari hii hakuna aliyeandika.

"Haya, tazama hilo shati," alisema Dobi alipopata pumzi. Shati jeupe lilikuwa jeusi kuanzia mgongoni hadi kwenye kola. "Mwaka mzima unaniletea safi. Leo angalau umeniletea kazi. Vua."

"Asivue," alisema Shangazi. "Mbele yangu? Jibu kwanza, shati baadaye. Wewe Ratili, waambie wazee wako Jumapili waje mapema, nisije nikabadili mawazo. Na waambie watanijua kwa gauni la zambarau." Alilinyoosha mapajani, akaongeza kwa sauti ya chini, "Maana nadhani wewe ndiye uliyelinunua."

Hatimaye Ratili alilivulia nyuma ya pazia, akaenda zake kwenye mvua amejifunika shuka la nyumba ya wageni kama mgonjwa aliyetoroka, na mtaa mzima ukamwona, na hakujali.

Dobi alibaki na shati mikononi. Kwa mazoea akatia vidole mfukoni kabla ya kuloweka. Kilikuwamo kipande cha penseli, kifupi, kimetafunwa mwisho. Hakukichunguza. Alikitia kwenye kopo la dirishani, kingojee mwenyewe.

Mwenyewe hajakidai hadi leo.